Filimu ya masharubu: barua zenu na majibu

Kwenye toleo lililopita niliandika mistari mitatu tu juu ya Mortdecai, ile komedi ya 2015 ambayo wengi kwetu wanaijua kwa jina lililotumika kwa Kifaransa, Charlie Mortdecai. Nilisema ilianguka vibaya sokoni lakini ndani yake kuna kitu kinachostahili kuangaliwa tena. Sikujua kama mistari mitatu inaweza kuleta barua nyingi hivi, zingine kali. Nimechagua tano na nimezipunguza kidogo bila kugusa maana.

Kwa ambao hawajaiona: Johnny Depp ni Charlie Mortdecai, bwana mkubwa wa Uingereza anayenunua na kuuza picha za kale, yuko na nyumba kubwa na deni la serikali la kutisha, yuko na mke mwerevu anayeitwa Johanna na mtumishi wa ngumi nzito anayeitwa Jock. Wapelelezi wanamtuma atafute mchoro ulioibwa wa Goya, mchoraji mkubwa wa Uhispania wa zamani, ambao unasemekana unaficha siri ya akaunti ya benki ya Wanazi, basi anakimbizwa kutoka London mpaka Moscow mpaka Los Angeles. Na ameota masharubu ambayo mke wake hayataki.

Barua ya kwanza, kutoka Birere, Goma

Jambo Yaya. Mimi niko fundi wa simu hapa Birere. Ile filimu niliiona zamani kwenye chumba cha video, dijei alikuwa anaitafsiri kwa Kiswahili, na tulicheka mpaka mtu mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi, sisemi uongo. Juzi binamu yangu mwenye yuko Ulaya ananiambia ati ile ni moja ya filimu mbaya kabisa za Johnny Depp, ati mimi sijui sinema. Nikaitafuta tena, safari hii kwa Kifaransa kwenye simu, na Yaya, sikucheka vile. Kidogo tu. Sasa ni mimi nimebadilika ao ni filimu? Na kama ni mbaya, siku ile tulikuwa tunacheka nini?

Jibu: Mdogo wangu, hujabadilika, na umeona vizuri mara zote mbili. Swali lako la mwisho limenikalisha siku tatu juu naona jibu la kesi yote ya hii filimu liko mle ndani, kwa hiyo univumilie, nitalizunguka polepole.

Mortdecai alianza kitabuni. Aliyemuumba ni Kyril Bonfiglioli, Mwingereza aliyezaliwa 1928, na yeye mwenyewe alikuwa muuzaji wa picha za kale pale Oxford, mtu wa jicho kali ambaye aliwahi kununua mchoro wa Tintoretto, mchoraji mkubwa wa kale wa Italia, kwenye mnada mdogo kwa paundi 40. Kitabu chake cha kwanza, Don't Point That Thing at Me, kilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1970 na 1973 kikapata tuzo ya John Creasey, ambayo waandishi wa riwaya za uhalifu wa Uingereza wanampa mtu kwa kitabu chake cha kwanza. Vikafuata vingine. Havikuuzwa kama mikate lakini waliovipenda walivipenda vibaya sana, ni vile vitabu ambavyo mtu anakuazima huku anakuangalia usoni kukuapisha urudishe, na mpaka leo wako watu wanaojua kurasa nzima kwa kichwa.

Sasa sikiliza vile kitabu kinavyofanya kazi. Kote ni "mimi, mimi, mimi". Mortdecai mwenyewe ndiye anayekusimulia, na hanyamazi. Kinaanza akiwa mbele ya moto nyumbani kwake, anachoma fremu ya kale ya mbao iliyochongwa na kupakwa dhahabu, na kitu cha kwanza anachokueleza ni sauti ya ile fremu ikiungua, halafu vile dhahabu inavyoupa moto rangi ya buluu na kijani kama manyoya ya tausi. Anafurahia kabisa. Na ni wakati huo huo polisi anamwingilia nyumbani. Hakuambii kwamba ameiba wala kwamba anaharibu ushahidi, anakusifia rangi ya moto tu, na wewe unakaa pale na kitabu mkononi unaelewa yote peke yako na unacheka peke yako. Mtu huyu ni mwoga, mwongo, mlafi, mlevi, lakini ana ulimi mtamu ajabu, na kicheko chote kinatokea kwenye ile nafasi kati ya jambo lililotokea na vile yeye anavyolieleza.

Kamera itapiga picha ya ulimi vipi? Hapo ndipo walipokwama. Mwongozaji David Koepp si mtu mdogo, yeye ni mmoja wa walioandika senario ya Jurassic Park ya 1993, kazi anaijua. Walihitaji kitu kinachoonekana kwa macho wakakipata: masharubu, ambayo yapo kweli kwenye vitabu lakini kwenye kile cha mwisho tu. Wakayafanya kuwa filimu nzima. Depp naye akafanya kwa uso kile ambacho kitabu kinafanya kwa maneno, nyusi zinapanda, meno yanatoka, sauti inapinda kama ya wale mabwana wa Uingereza wa filimu za zamani. Anajituma, mimi simlaumu hata kidogo. Lakini yule mtu anayekunong'oneza sikioni tangu mwanzo mpaka mwisho amebaki vipande vipande.

Bon, sasa rudi Birere. Mimi nami mara ya kwanza niliiona kwenye chumba kama kile chenu, kile cha mbao juu ya mawe meusi ya volkeno, jenereta nyuma ya ukuta, dijei amekaa pembeni ya televisheni na maikrofoni yake amefungafunga na skochi. Kuna pale Johanna anarudi nyumbani anakuta mumewe ameota masharubu, anajaribu kumbusu, kichefuchefu kinampanda, na Mortdecai akimwona mkewe anataka kutapika naye anashikwa na kichefuchefu kwa kumwonea huruma, basi wanasimama wawili uso kwa uso wanajizuia. Pale kazi yote inafanywa na nyuso na koo. Dijei akaingia na kuwa Mortdecai. Akaanza kutueleza sisi wa benchi, kwa sauti ya chini kama mtu anayempa jirani siri, vile ameyalea haya masharubu tangu yalipokuwa vinyweleo vitatu, vile ameyapaka mafuta asubuhi na jioni, vile alijinyima chakula yeye ili yashibe, na leo mwanamke huyu aliyemuoa kwa haki anamwambia achague. Mama wa karanga aliyekuwa mlangoni aliacha sinia lake akaingia kusikiliza.

Yule dijei hakuwahi kusoma Bonfiglioli, nina hakika. Lakini alimrudishia Mortdecai ulimi wake. Alifanya kwa Kiswahili cha Goma kile ambacho kitabu kinafanya kwa Kiingereza cha mabwana, yaani mtu mwenye makosa anajieleza mbele yako kwa utamu mpaka unamsamehe. Ulichokuwa unacheka siku ile kilikuwa kitabu, mdogo wangu, kilichopita juu ya kichwa cha filimu kikakufikia kwa mlango wa nyuma. Na ulipoiona kwa Kifaransa kwenye simu, dijei hakuwepo, ukaona filimu yenyewe peke yake, ambayo ni nzuri mahali na dhaifu mahali.

Kuhusu binamu yako, mwambie hakudanganya kwenye hesabu. Iligharimu karibu dola milioni 60. Wikendi ya kwanza Marekani, Januari 2015, iliingiza dola milioni 4 na kitu, ikashika nafasi ya tisa, Marekani yote ikaishia kama milioni 7.7 na dunia nzima karibu milioni 47, na sehemu kubwa ya hizo hairudi kwa waliotengeneza juu wenye majumba ya sinema nao wanakata yao. Lakini hesabu ya pesa inakuambia ni watu wangapi walinunua tiketi, na wikendi ya kwanza watu hawajaiona bado, wanaamua kwa tangazo. Na tangazo lilikuwa masharubu. Afishi zilionyesha karibu kila mtu na masharubu, mpaka Gwyneth Paltrow. Depp alikuwa ametoka kuanguka na The Lone Ranger 2013 na Transcendence 2014, magazeti yalikuwa yamechoka naye na yalishaandaa kichwa cha habari. Isitoshe Marekani filimu ilipewa daraja la watu wazima wakati tangazo lake lilionekana kama la kuchekesha watoto, sasa nani aende? Ilihukumiwa kabla ya taa kuzimwa ukumbini, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Barua ya pili, kutoka Bukavu

Jambo Yaya. Mimi niko mwanafunzi wa Kiingereza, naishi Kadutu. Kitabu cha kwanza nilipewa na dada mmoja aliyekuwa anarudi kwao, nimekisoma mara mbili na kamusi pembeni. Ndipo nikaona filimu nikakasirika sana. Mortdecai wa kitabuni ni mnene na mzee-mzee, wao wametuletea Johnny Depp. Johanna kwenye kitabu ni bibi ya Krampf, yule tajiri Mmarekani, wao wamemfanya bibi ya Mortdecai tangu mwanzo. Na Martland wamemharibu kabisa. Je, mtu aliyependa kitabu hana haki ya kukataa filimu?

Jibu: Haki unayo yote, dada. Na nimefurahi sana kuona msomaji wa Bonfiglioli yuko Kadutu, nilidhani niko peke yangu upande huu wa ziwa.

Unene nakubaliana nawe, japo nadhani hauumizi sana. Bonfiglioli alitanguliza neno kwenye kitabu kusema kwamba hayo si maisha yake mwenyewe, ni ya muuzaji mwingine wa picha, mnene, wa makamo, asiye na maadili, na kila aliyemfahamu alijua anamchora nani. Mwili ule ulikuwa sehemu ya utani wake. Depp hana mwili ule, akaweka masharubu mahali pa tumbo, basi.

Kwa Johanna nitakupinga. Naona hapo filimu ilifanya vizuri kuliko kitabu. Kwenye vitabu Mortdecai anamuoa baadaye, na hata hapo Johanna ni mtu wa kutatanisha, mzuri, tajiri, hatujui anataka nini. Kwenye filimu tunapata ndoa. Mwanamke anampenda mtu ambaye anajua ni mjinga kiasi, anajua madeni yote, anamfukuza kitandani juu ya masharubu, na wakati huo huo anatoka kivyake kufuatilia ule mchoro na mara nyingi anajua zaidi kuliko wanaume wote wanaokimbizana huku na huku. Paltrow anaicheza bila kupiga kelele. Angalia tena anavyomtazama mumewe akisema uongo. Anamsikiliza mpaka mwisho, hakati, kama mama anayemwachia mtoto amalize hadithi ya nani kavunja sahani. Mimi na mke wangu tuliiangalia pamoja mwaka jana na pale ndipo yeye alipoanza kuipenda hii filimu, akasema hao ni watu waliooana kweli.

Martland sasa. Hapo dada uko sahihi na kosa ni kubwa kuliko la masharubu. Kwenye kitabu Martland ni polisi wa siri wa kuogopesha, mtu anayetabasamu halafu anaruhusu uteswe, na Mortdecai anaogopa kweli. Ukisoma zile kurasa unacheka na tumbo linakukaza. Ewan McGregor amepewa kucheza mpelelezi mtanashati ambaye tangu chuoni anampenda Johanna na bado hajapona. Anapendeza, ndiyo, lakini hamtishi mtu. Na mwoga akikosa kitu cha kuogopa anachekesha nini? Ule ulimi wa Mortdecai kwenye kitabu unafanya kazi juu kuna kisu karibu, anaongea vizuri ili asife. Sisi huku tunawajua watu wa namna hiyo, yule anayemchekesha mwanajeshi kwenye bariyeri mpaka anapita bila kutoa kitu, jasho liko mgongoni lakini mdomo unaendelea, na akishavuka hawezi hata kukumbuka alisema nini. Bonfiglioli aliandika mtu yule. Kwenye filimu bariyeri imeondolewa, mtu amebaki anaongea tu barabarani.

Barua ya tatu, kutoka Lubumbashi

Jambo Yaya, miye niko mu Katuba. Ile filme nilionaka na batoto yangu, tukazima mbele ya mwisho. Batu banatapika, banasemasema tu bintu bya ubaya juu ya banamuke, na ule Johnny Depp anafanya paka sura. Dola milioni makumi sita! Kwetu Mufwankolo alichekeshaka mji muzima bila hata kamera ya muzuri. Weye unasema tuangalie tena, juu ya nini? Muda yetu ni ya bure?

Jibu: Papa, asante kwa kunisema wazi.

Kwanza nikubali yanayokubalika. Ilikuwa kosa kuiona na watoto, na kosa hilo si lako, ni la tangazo lililoificha, nimeeleza hapo juu. Utani wa kutapika unarudiwa mpaka unachosha. Binti wa Krampf, anayechezwa na Olivia Munn, amepewa jambo moja tu la kufanya, kuwataka wanaume, na mwigizaji anayeweza zaidi ya hapo anaachwa pale kama kiti. Hayo siyatetei. Na urefu: saa moja na dakika 47, wakati komedi ya mwendo huu ingemaliza kazi kwa saa moja na nusu. Kile kipande cha Moscow kingekatwa chote na hakuna ambaye angekiulizia.

Lakini Papa, umemtaja Mufwankolo, na kwa kumtaja umenisaidia kuliko unavyofikiri. Kundi lake lilichekesha Lubumbashi nzima kwa nini? Kwa Kiswahili chenu. Kwa vile mtu wa Katuba ao wa komine yenu ya Kenya anavyoongea akiwa anadai, akiwa anaomba, akiwa anamdanganya bibi yake mchana kweupe. Ukizima sauti ya televisheni wakati Mufwankolo anacheza utabaki na watu wamekaa sebuleni wananyoosheana mikono, hutacheka. Kicheko kimefungwa ndani ya maneno na maneno yamefungwa ndani ya mji. Sasa fikiria watu wa mbali wanachukua michezo ya Mufwankolo, wanaipenda kabisa, wanaweka dola milioni 60, wanamtafutia staa mkubwa wa dunia, halafu Kiswahili cha Lubumbashi kinaachwa uwanja wa ndege juu hakiingii kwenye mzigo. Ndicho kilichompata Bonfiglioli. Ninaomba iangaliwe tena juu hiyo, juu naona waliotengeneza walikipenda kile kitabu na kuna mahali walikaribia sana kukipata, na mtu anayependa komedi anajifunza mengi kwa kuona mahali komedi ilipoponyoka.

Kama hutaki kuiona yote, basi tafuta zile sehemu ambapo Mortdecai na Jock wako wawili peke yao. Dakika chache tu. Watoto wakiwa wamelala.

Barua ya nne, kutoka Himbi, Goma

Yaya jambo. Mimi ni mlinzi wa usiku kwenye nyumba moja hapa Himbi. Nilipenda yule Jock peke yake. Bwana wake anampiga risasi kwa bahati mbaya, si mara moja, na bado anamfungulia mlango. Kwa nini hamwachi?

Jibu: Kaka, nimesoma barua yako mara nyingi.

Anayemcheza Jock ni Paul Bettany, na kwangu mimi yeye ndiye sababu ya kwanza ya kuirudia hii filimu. Yeye na Depp walikuwa wamekutana tayari kwenye The Tourist ya 2010 na Transcendence ya 2014, labda ndiyo maana wanaelewana bila kutazamana. Jock ni mtu wa nguvu, anapigana na watu wanne bila kutweta, wanawake wanampenda popote anapofika, na mshahara hata hatusikii ukitajwa. Kila mtu kwenye ile filimu anavuta sura, anapandisha sauti, yeye hafanyi chochote. Bunduki ya bwana wake inapolia na risasi inampata yeye, anaangalia pale palipoumia, anaangalia bwana, na unaona usoni kwamba ameshasamehe kabla bwana hajaomba. Ni sekunde mbili, usizipitishe.

Waingereza wana hadithi za zamani za bwana tajiri mpumbavu na mtumishi mwerevu anayemwokoa. Bonfiglioli alichukua sura hiyo akaigeuza: mtumishi wake ni jambazi, kazi yake ni kuvunja watu mifupa, na wote wawili wanahitajiana kwa namna ambayo hawathubutu kuisema. Mortdecai hawezi kuishi siku moja bila Jock, na Jock ametazama ulimwengu ule wote wa mabwana na wapelelezi na matajiri akaona mtu mmoja tu anayemuongelesha kama mtu, hata kama ni mtu wa ovyo. Kwenye vitabu jambo hili linafika mbali na linaumiza, siwezi kusema zaidi juu kuna watu watavisoma. Filimu inaligusa kidogo tu na kukimbia. Lakini Bettany alisoma vitabu ao alihisi, sijui, uso wake unabeba yale ambayo senario haikuandika.

Wewe unayekesha mlangoni kwa mtu umeliona hilo mara moja, wakati wahakiki wengi walikuwa bado wanahesabu utani wa masharubu.

Barua ya tano, kutoka Bukavu tena

Yaya, maswali mafupi. Ule mchoro wa Goya ni wa kweli? Vitabu viko vingapi na nianze na kipi? Na kama sijui Kiingereza sana, nianze na filimu ao na kitabu?

Jibu: Goya ni wa kweli, Mhispania, 1746 mpaka 1828. Mchoro wa mke wa Wellington, yule jemadari wa Uingereza, unaotafutwa kwenye hadithi ni wa kubuni. Ila Goya alimchora kweli Duke wa Wellington mwenyewe, kuanzia 1812, na mchoro huo uliibwa London mwaka 1961 kwenye National Gallery, ukarudi 1965. Muuzaji wa picha kama Bonfiglioli asingeweza kusahau kisa kama hicho, na miaka michache baadaye kitabu chake kikatoka na Goya aliyeibwa ndani.

Vitabu vya Mortdecai ni vinne. Anza na Don't Point That Thing at Me. Halafu ruka mpaka After You with the Pistol ya 1979, juu ndicho kinachoendeleza hadithi hasa, japo Something Nasty in the Woodshed kilitoka kabla yake, 1976. Hicho cha 1976 nakuonya, kinahusu mbakaji kwenye kisiwa cha Jersey, kicheko na unyama vimekaa kitanda kimoja na mimi kilinishinda mara ya kwanza. Cha nne, The Great Mortdecai Moustache Mystery, Bonfiglioli alikufa 1985 hajakimaliza, Craig Brown akakimalizia na kikatoka 1999. Humo ndimo masharubu yalipoota. Na ujue mapema kwamba Mortdecai ana dharau za watu wa tabaka lake na za wakati wake, juu ya wanawake, juu ya watu wa rangi nyingine, kuna kurasa nilifunga kitabu nikatoka nje. Simfichi.

Kama Kiingereza ni kigumu, anza na filimu, na uiangalie na mtu mmoja anayejua kusimulia, amkalie Mortdecai mdomoni, mpunguze sauti. Nimejaribu na mtoto wa dada yangu, ana miaka 23 na mdomo kama redio, na nusu ya kwanza ilituchukua saa mbili juu tulikuwa tunasimamisha kucheka.

Na hapa nina ombi kwa wasomaji wote wa Goma. Ile tafsiri ya Kiswahili niliyoisikia Birere nimeitafuta kwenye maduka ya diski, kwenye flashi za vijana wanaojaza filimu kwenye simu, kwa wenye vyumba vya video wanne, siipati. Chumba chenyewe kimeshafungwa. Kama kuna mtu yuko nayo, hata kama diski imekwaruzwa, hata kama ni nusu, aniandikie. Nitakuja kuichukua mwenyewe, na nitarudisha.